UZI: Nguo na viatu vilivyotumika vinaokoa nini katika mazingira, na sharti lake ni lipi kwetu Bukavu?

Mwalimu wa Ibanda (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu wa Bukavu, wa Goma, wa Lubumbashi na kwingineko, karibuni tulijadili kwa utulivu jambo ambalo kila nyumba mjini kwetu inalo: nguo na viatu vilivyovaliwa na watu wengine kabla ya kutufikia, na ambavyo siku moja nasi tutaviacha. Husemwa mara nyingi kwamba anayenunua mitumba anahifadhi mazingira. Mimi ni mwalimu wa jiografia, na naamini kwamba kauli hiyo ni ya kweli kwa sehemu kubwa. Lakini ukweli wake una masharti, na masharti hayo yanatuhusu zaidi sisi tunaoishi kwenye miteremko hii, ambako chochote kinachotupwa juu huishia ziwani.

Nianze na ule ukweli. Nguo haianzii kwenye balo, yaani lile furushi kubwa la mitumba, linalofunguliwa sokoni Kadutu. Inaanzia shambani au kwenye kisima cha mafuta. Fulana moja ya pamba huhitaji takribani lita 2,700 za maji mpaka ikamilike, na sehemu kubwa ya maji hayo hunywewa na mipamba shambani. Kwa bidoni zetu za lita 20, hizo ni bidoni 135 kwa fulana moja. Suruali ya jinzi hukadiriwa na Umoja wa Mataifa kuwa inahitaji lita 7,500 hivi, yaani bidoni 375. Maji hayo hayatoki Ziwa Kivu, nakubali, lakini hutoka kwenye mito na visima vya watu kama sisi. Bahari ya Aral, ambayo zamani ilihesabiwa miongoni mwa maziwa manne makubwa kuliko yote duniani, ilianza kunywea miaka ya 1960 baada ya utawala wa Kisovyeti kuyageuza maji ya mito Amu Darya na Syr Darya ili yamwagilie mashamba, na pamba ikiwa ndilo zao kuu. Wavuvi walibaki na mashua zao juu ya mchanga wenye chumvi. Wanafunzi wangu, ambao wanaona sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wakiletwa kila asubuhi, huelewa haraka maana ya ziwa kuondoka.

Upande wa pili ni poliesta, ambayo hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli na ambayo leo ni zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani. Kwa lugha ya wazi, poliesta ni plastiki iliyovutwa ikawa nyuzi nyembamba. Hainywi maji ya shamba, lakini inatumia nishati nyingi, na kila inapofuliwa huachia vinyuzi visivyoonekana kwa macho. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira asilia, lilikadiria mwaka 2017 kwamba asilimia 35 ya chembe ndogo za plastiki zinazoingia baharini zikiwa tayari katika hali hiyo ya chembe hutokana na kufua nguo za aina hiyo. Nguo mpya ndiyo inayoachia vinyuzi vingi zaidi inapofuliwa mara za kwanza, na hapo mtumba una nafuu kidogo.

Kuhusu viatu, watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walichapisha mwaka 2013 uchunguzi wa jozi moja ya viatu vya kukimbilia. Walikuta kwamba jozi hiyo ina vipande 65 vinavyopitia hatua zaidi ya 360 za utengenezaji, na kwamba huleta takribani kilo 14 za hewa ukaa katika maisha yake yote, huku zaidi ya theluthi mbili zikitoka kiwandani. Maana yake ni kwamba madhara makubwa ya kiatu yameshatendeka kabla hakijavaliwa hata siku moja, na kilichobaki mikononi mwetu ni kuamua kama madhara hayo yatazaa mwaka mmoja wa kutembea au miaka minne.

Hapo ndipo ulipo msingi wa hoja yangu. Faida ya mazingira haiko katika kununua mtumba. Iko katika miaka ambayo kitu kinaendelea kutumika mahali pa kipya ambacho kingetengenezwa. Shirika la WRAP la Uingereza lilikadiria kwamba nguo ikiongezewa miezi 9 ya kuvaliwa, athari zake za maji, hewa ukaa na taka hupungua kwa asilimia 20 hadi 30. Lakini mtu akinunua fulana tano za mitumba kwa sababu ni rahisi tu, akazivaa kwa msimu mmoja na kuzitupa, hajazuia fulana mpya hata moja kutengenezwa, na ameongeza taka tano mjini.

Sharti la pili ni mwisho wa nguo, nalo ndilo linaloniumiza zaidi. Huku kwetu nguo iliyokwisha hutupwa kwenye mfereji, kwenye korongo la mmomonyoko au kwenye mto Kahuwa, na mvua ya kuanzia Septemba hadi Mei huikokota hadi ziwani. Ziwa Kivu lina njia moja tu ya kutokea maji, nayo ni mto Ruzizi, na kilomita chache kutoka hapo umesimama mtambo wa umeme wa Ruzizi wa kwanza, uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kila mkazi wa Bukavu amewahi kuona picha za taka zilizofunika maji mbele ya bwawa hilo. Plastiki za chupa ndizo nyingi kupita zote, lakini vitambaa na viatu haviwezi kukosekana katika kinachotupwa na mji. Taka zikiziba mitambo, umeme unakatika. Umeme ukikatika, aliyekuwa akipikia jiko la umeme anarudi kwenye makala, yaani makaa ya kuni. Na makala hukatwa kwenye misitu, ikiwemo ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, ambayo ni makao ya sokwe wetu. Kwa hiyo ninaposema kwamba koti lililotupwa kwenye mfereji wa Kadutu linahusiana na mti wa Kahuzi-Biega, sitii chumvi.

Naomba maoni yenu, hasa ya wanaoishi kwa biashara hii na wanaotengeneza nguo na viatu hivi kwa mikono yao.


Mama Muuzaji, Kadutu

Mwalimu, nashukuru kwa kutukumbuka sisi wauzaji, kwa sababu mara nyingi tunatajwa kama wachafuzi. Naomba watu waelewe jinsi kazi hii ilivyo. Balo tunalinunua likiwa limefungwa. Tunajua limeandikwa nguo za watoto, au mashati ya wanaume, au mashuka, na tunajua kama ni chaguo la kwanza au la pili, lakini hatujui kilichomo mpaka tumekata kamba. Hapo ndipo tunapokutana na koti za theluji ambazo hakuna mtu wa Bukavu atakayezivaa, soksi zisizo na mwenzake, na suruali zenye madoa ya rangi ya ukuta. Nimewahi kufungua balo nililolilipia kwa bei ya chaguo la kwanza nikakuta sehemu kubwa haiuziki, na aliyeniuzia hakutaka hata kusikiliza.

Zile nzuri zinatoka siku ile ile. Za kati tunazipunguzia bei mpaka zinaisha. Swali langu ni kuhusu zile za mwisho kabisa. Sisi hatuna mahali pa kuzipeleka. Mwenye meza jirani anazichoma jioni, mwingine anaziacha pale pale na mvua inazichukua. Ukituambia tusizitupe, utuambie basi tuzipeleke wapi.


Mwalimu wa Ibanda

Mama, swali lako ni la haki, na nakuomba kwanza usikubali kubeba peke yako lawama ya kitu kilichofungwa na watu wengine ng'ambo. Hata hivyo lipo ambalo linaweza kuanza pale pale mezani, nalo ni kujua kitambaa ulichoshika ni cha nini, kwa sababu pamba iliyochakaa ina kazi nyingi na poliesta iliyochakaa ina kazi chache.

Namna ya kujua haihitaji maabara. Chomoa uzi mmoja au miwili kwenye pindo, ushike kwa kibano juu ya sahani ya chuma na uuwashe kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Sufu huungua kwa shida na kutoa harufu ya nywele zilizoungua. Poliesta na nailoni hujikunja, huyeyuka na kuacha kitone kigumu ambacho hakipondeki kwa vidole. Kitambaa kilichochanganywa kitafanya yote mawili, yaani kitaungua kikiwa kinayeyuka pembeni. Baada ya kufanya hivyo kwa muda mfupi, mkono wenyewe huanza kutambua bila moto.

Pamba iliyochanika haina budi kukatwa vipande na kuuzwa kwenye gereji na kwa mafundi wa pikipiki, ambao kila siku wanatafuta vitambaa vya kufutia mafuta. Pamba hufyonza, poliesta husogeza tu mafuta kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na fundi akiuziwa hiyo mara moja hatarudi. Vifungo na zipu ving'olewe kabla ya kukata, kwa kuwa washonaji wanavinunua, na zipu ya chuma ya koti la Ulaya mara nyingi inaishi zaidi kuliko koti lenyewe. Zile koti za theluji unazozilalamikia, Mama, ndani yake zina ujazo wa poliesta uliokaa vizuri. Ukizipasua, ukaufua ujazo huo na kuuanika, unafaa kwa mito ya kulalia na matakia ya viti.

Kuchoma ndiko ambako naomba tukuache kabisa. Nguo ya akriliki, yaani zile sweta nyingi zinazofanana na sufu, ikiungua hutoa gesi ya sianidi. Kiatu au koti la plastiki ya PVC hutoa gesi ya asidi, na pia sumu ziitwazo dioksini, ambazo hukaa mwilini kwa miaka. Moshi huo haupandi mbinguni ukaisha. Unaingia kwenye nyumba za mbao zilizobanana pale chini ya soko, na wanaouvuta kwanza ni watoto.


Fundi Viatu, njia ya Nyawera

Nami nichangie kuhusu viatu, kwa sababu naona watu wakizungumza sana juu ya nguo. Mwalimu amesema kiatu kina vipande 65. Sisi tunavijua vipande hivyo kwa sababu tunavifungua kila siku. Kiatu cha mtumba kikija kwangu mara nyingi ngozi ya juu ni nzima na soli imeachia, kwa maana gundi ya kiwandani huwa imekauka kwa kukaa muda mrefu kwenye ghala na kontena. Mwenye kiatu anadhani kimekufa. Ninaisafisha soli, naikwaruza, natia gundi, kisha nazungusha mshono wa uzi wa nailoni pembeni kote. Kiatu cha namna hiyo kinatembea tena kwenye mawe yetu kwa miaka kadhaa, na mara nyingi kinakuwa imara kuliko kilivyotoka kiwandani, kwa sababu kiwanda kiliamini gundi tu.

Soli ikiwa imekwisha kabisa, tunakata nyingine kutoka kwenye tairi la gari. Hapo tunaokoa vitu viwili kwa mara moja, tairi na kiatu. Lakini si kila tairi linafaa. Lenye waya mwingi wa chuma linaharibu visu na linachoma mguu, hivyo tunatafuta yale ya nyuzi.

Ninachotaka kusema ni kwamba viatu vyenye soli ya povu jepesi, ile nyeupe inayobonyea, havitengenezeki. Vikivunjika katikati, basi. Ukiwa mbele ya meza ya mitumba, bonyeza soli kwa kidole gumba na uikunje. Ikichanika mistari midogo, usinunue hata kama kiatu kinang'aa, maana baada ya wiki chache kitakuwa taka na hakuna fundi atakayekisaidia.


Mwalimu wa Ibanda

Papa Fundi, maneno yako yanapaswa kusomwa na kila mnunuzi. Niongeze tu kwamba povu hilo lina matumizi kule ambako lipo la kutosha. Kampuni ya Nike, tangu miaka ya 1990, husaga viatu vilivyokwisha na kuvigeuza kuwa sakafu za viwanja vya michezo na njia za kukimbilia. Lakini kusaga kunahitaji mashine, umeme usiokatika na viatu kwa maelfu vilivyokusanywa mahali pamoja. Kazi yako inahitaji sindano, gundi na mikono, na kwa hesabu ya mazingira inashinda ile ya mashine, kwa sababu kiatu kinabaki kiatu na hakishuki daraja kuwa unga. Nakusihi pia utie gundi mahali penye upepo. Vimumunyisho vilivyomo vinadhuru kichwa na ini kwa kadiri unavyovivuta mwaka hadi mwaka.


Mkazi wa Goma, kartiye Ndosho

Nimesoma yote kwa makini na nawaheshimu nyote, lakini kuna jambo ambalo sikubaliani nalo. Tunaizungumzia mitumba kana kwamba ni zawadi ambayo tumeshindwa tu kuitunza. Mimi naiona ni taka ambayo nchi tajiri zimepata njia ya kuiuza. Hapa Goma ardhi yetu ni mawe ya volkano. Ukitaka kuchimba shimo la taka unakutana na lava iliyoganda, kwa hiyo hata kuzika hatuwezi. Kila kinachoingia mjini na kisichotumika kinabaki juu ya ardhi mbele ya macho yetu au kinachomwa. Majirani zetu Warwanda walichukua uamuzi. Kwa nini sisi tusiufikirie?


Mwalimu wa Ibanda

Ndugu yangu wa Goma, sitakupinga kwa neno taka, kwa sababu sehemu ya kile kinachoingia ni taka tangu kinapofungwa. Ni kweli kwamba Rwanda ilipandisha ushuru mwaka 2016 kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kila kilo ya nguo zilizotumika, na ilishikilia uamuzi huo hata Marekani ilipoiondolea mwaka 2018 nafasi ya kuuza nguo bila ushuru katika soko lake. Lengo lao lilikuwa kujenga viwanda vyao, na hilo ni lengo la heshima. Ila kwa upande wa mazingira tujiulize mtu asiyepata mtumba atavaa nini. Ikiwa atavaa nguo mpya ya bei ya chini iliyotoka mbali, ya poliesta nyepesi isiyovumilia sabuni zetu na mawe ya kufulia, basi tumeongeza utengenezaji na tumefupisha maisha ya nguo kwa wakati mmoja. Shati la pamba nzito lililoshonwa vizuri zamani, hata likiwa la pili au la tatu kuvaliwa, huwa linaishi kuliko hilo jipya.

Mahali ninapokuunga mkono kwa moyo wote ni juu ya nani alipe gharama za mwisho wa nguo. Ufaransa ina mfumo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2007, ambao unamtaka kila anayeingiza sokoni nguo, mashuka au viatu alipe mchango mdogo kwa kila kimoja ili vikusanywe na kuchambuliwa vinapochakaa. Tangu Januari 2025, nchi zote za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo zilizochakaa kando na taka nyingine. Hayo ni mambo mema kwao. Lakini michango hiyo hulipia kazi inayofanyika huko huko, na nguo ikishapanda meli, ikapita Mombasa au Dar es Salaam na kufika huku, mchango wake haupandi meli pamoja nayo. Mama wa Kadutu ndiye anayebeba gharama za mwisho wa nguo, mwisho ambao mtu mwingine alishalipwa kuushughulikia. Dai letu lingekuwa hili: uchambuzi ufanywe kabla ya kufunga balo, na kilichochanika kibaki kule kwenye mashine za kukichakata. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na dai la namna hiyo lina uzito zaidi likitolewa na Jumuiya nzima. Accra nchini Ghana, ambako soko la Kantamanto hutajwa kupokea takribani nguo milioni 15 kwa wiki, tayari wanaona fukwe zao zikijaa vitambaa vilivyosokotana na mchanga. Hatuna sababu ya kusubiri tufike huko.


Mwanafunzi, Bagira

Shikamoo Mwalimu. Mimi nauliza kuhusu kiwanda. Ikiwa nguo kuukuu zinaweza kugeuzwa nyuzi tena na kufumwa nguo mpya, kwa nini tusiwe na kiwanda cha aina hiyo hapa, badala ya kuzungumzia vitambaa vya gereji na mito ya kulalia?


Mwalimu wa Ibanda

Marahaba mwanangu. Inawezekana, na si jambo la leo. Mwaka 1813, katika mji wa Batley kule Uingereza, Benjamin Law alipata njia ya kuchambua matambara ya sufu, kuyachanganya na sufu mpya na kuyafuma tena. Mji wa Prato nchini Italia unaishi kwa kazi hiyo tangu karne ya 19, na wana ujuzi mzuri sana wa kupanga matambara kwa rangi kabla ya kuyachana, ili uzi utoke ukiwa na rangi yake na usihitaji kutiwa rangi upya. Hapo maji na kemikali nyingi huokolewa. Panipat nchini India ndiko kunakofanyika kazi kubwa kuliko zote leo. Sweta na koti zisizouzika huchanwa huko na kufumwa mablanketi, na mengi ya yale mablanketi mazito ya kijivu yanayogawiwa kwa wakimbizi duniani hutokea huko. Ndugu zetu waliopita kwenye kambi za pembeni ya Goma wanayajua mablanketi ya namna hiyo.

Ugumu uko katika nyuzi zenyewe. Kitambaa kinapochanwa, nyuzi zinakatika na kuwa fupi, na uzi uliosokotwa kwa nyuzi fupi ni dhaifu, kwa hiyo ni lazima uchanganywe na nyuzi mpya. Nguo iliyochanganywa pamba na poliesta, ikiongezewa na elastani kidogo ya kuvutika kama ilivyo kwenye jinzi nyingi za siku hizi, ni vigumu mno kuitenganisha. Ndiyo maana wakfu wa Ellen MacArthur ulieleza mwaka 2017 kwamba chini ya asilimia 1 ya malighafi inayotumika kutengeneza nguo duniani hurudi kuwa nguo mpya. Nchi zenye mashine zote hizo zimefikia hapo tu. Sisi tulikuwa na viwanda vya kufuma, kikiwemo Filtisaf cha Kalemie, na natamani siku moja vizazi vyenu viwashe tena mashine za aina hiyo. Lakini fundi wa kushona anayegeuza suruali ya baba kuwa sketi ya shule, leo hii, hapotezi uzi hata mmoja na hatumii tone la mafuta ya mtambo.


Dada wa Lubumbashi

Ninawasalimu kutoka Lubumbashi. Huku kwetu mitumba mingi inaingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na yote mliyoyasema tunayaona. Naomba kuongeza onyo moja kutoka ukanda wa migodi. Nguo za kazi za wachimbaji ni pamba nzito na zinavutia sana kukatwa na kutumiwa tena, na nimeona watu wakizishonea watoto kaptula au wakizifanya vitambaa vya jikoni. Nguo hizo hubeba vumbi la shaba na kobalti kwenye mishono, na kufua mara moja hakuwezi kuliondoa lote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven nchini Ubelgiji walishapima na kukuta kobalti nyingi katika miili ya watu wanaoishi karibu na migodi, hasa watoto. Kwa hiyo tuseme wazi kwamba si kila nguo kuukuu inafaa kurejelezwa kwa kazi ya nyumbani. Za mgodini zibaki kwenye kazi chafu za gereji, na hata huko zisichanganywe na nyingine.


Mama Muuzaji, Kadutu

Dada, asante, hilo sikulijua. Mwalimu, nimezungumza na wenzangu wa mstari wetu. Wameelewa habari ya kukata pamba kwa ajili ya gereji, na mmoja amesema yuko tayari kununua zipu zote tutakazong'oa. Wanauliza mambo mawili. Kwanza, poliesta mbovu kabisa, isiyo na ujazo, kama gauni jepesi lililochanika, ifanywe nini? Pili, je, siku ya salongo, yaani ya usafi wa pamoja, tunaweza kukusanya pamoja badala ya kila mmoja kubaki na gunia lake?


Mwalimu wa Ibanda

Mama, gauni jepesi la poliesta likatwe utepe mrefu wa upana wa vidole viwili, kwa kuzunguka kutoka pindo hadi kiunoni bila kukatika. Utepe huo hufumwa au kusukwa kuwa mkeka wa mlangoni na kamba za kufungia mizigo, na kwa kazi hiyo poliesta inaishinda pamba kwa sababu haiozi ikilowa. Kile kile kinachoifanya iwe mbaya ziwani kinaifanya iwe nzuri mlangoni. Wasichana wanaojifunza kushona wanaweza kuanza na mikeka hiyo kabla ya kukabidhiwa kitambaa cha mteja.

Kuhusu salongo, wazo lenu ni zuri kuliko lolote nililoleta mimi. Kila mstari wa soko uwe na magunia matatu: moja la pamba ya kukata, moja la poliesta ya utepe na ujazo, na moja la viatu, ambalo Papa Fundi na wenzake walipitie kwanza kabla ya chochote kuamuliwa kuwa kimekufa. Mfereji ulio chini ya soko usafishwe siku hiyo hiyo, maana gunia likijaa huku mfereji umeziba kwa matambara ya zamani, mvua itatukuta pale pale.


Fundi Viatu, njia ya Nyawera

Nimekubali. Gunia la viatu liletwe kwangu Jumamosi kabla ya saa nne, nitawaita mafundi wengine wawili. Ila viatu vifungwe jozi kwa jozi kwa kamba zake vinapoingizwa guniani, kwa sababu kiatu kimoja kikipotea, cha pili hakina kazi nyingine kwetu zaidi ya kunyofolewa vipuri. Na magunia yawekwe mahali pakavu, juu ya mbao, yasiguse sakafu; ngozi ikiota ukungu hupasuka tunapoingiza sindano.